Vyuo Viwili na Bonde la Kansay

Tangu nirudi Dar es Salaam mmekuwa mkinizunguka na swali lilelile. Mmoja kaniuliza kwenye chai, mwingine kanisubiri mlangoni mwa ofisi akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mnataka kujua imekuwaje mtu aliyepata nafasi katika chuo ambacho sote tulikuwa tukikitaja kwa sauti ya kanisani, aende kumuaga mama yake kisha arudi amekataa. Nimechoka kujibu vipande vipande. Vuteni viti, nisimulie mara moja.

Habari za barua, vibali na picha za pasipoti nitaziruka, mnazijua na zinachosha. Shikeni jambo moja tu: vyuo vikuu viwili vilikuwa vimenikubali nikasome shahada ya juu ya uhandisi wa maji. Cha kwanza kiko nchi ya theluji. Kina ukumbi mkubwa kuliko soko, na ndani yake wamejenga mito midogo ya saruji yenye kona na maporomoko. Wanaifungulia maji, wanakaa wanaitazama inavyokula kingo zake. Nilionyeshwa picha ya ukumbi ule nikiwa mwanafunzi Nairobi, na tangu siku hiyo nimeutamani jinsi mtu anavyomtamani mchumba aliyemwona kwenye picha. Masomo ni miaka minne, na walitaka niwe nimefika kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Cha pili ni chuo kichanga katika nchi kavu. Watu wake wanatafiti malambo ya udongo na maji ya chini ya ardhi. Miaka miwili, kuanzia mwezi wa tisa.

Moyoni nilikuwa nimeshachagua cha kwanza. Lilibaki la mama. Nyumbani kwetu mtu haendi mbali kabla mama hajamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwombea. Nilishikwa hivyo nilipokwenda shule ya bweni, nikashikwa tena nilipokwenda Nairobi. Bila hilo, hata pasipoti ingekuwa karatasi tu.

Arash, kungoja gari la ngozi

Mnakumbuka ofisi ilikuwa imenituma Arash kumalizia lambo la wafugaji. Lilipokwisha sikurudi Dar. Nilikuwa nimeomba ruhusa nikatize moja kwa moja hadi Karatu, kisha kwetu Kansay, kwa gari la mfanyabiashara aliyekuwa akija kununua ngozi. Gari lilikuwa linakuja kesho. Kesho yake nayo ilikuwa na kesho yake. Nikakaa pale na sanduku langu, ng'ombe wakininusa.

Mwenyeji wangu alikuwa Parmet, mfugaji wa rika langu aliyekuwa ameongoza vijana kubeba mawe ya lambo. Asubuhi na jioni mkewe aliniletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na Parmet alinihoji kuhusu safari. Nilimweleza kwamba huko ninakokwenda maji ni mengi, na kwa miezi kadhaa yanageuka jiwe, watu wanatembea juu yake. Aligeuka akatazama lambo. Nikajua nimempoteza, kumbe alikuwa anapiga hesabu zake. Akaniomba nikirudi nimletee jiwe moja la maji, aliweke katikati ya lambo ili kiangazi kikija liyeyuke polepole. Nikamwambia litayeyuka kabla sijafika hata Mombasa.

"Basi lete kubwa," akasema.

Boma zima lilicheka, nami nikacheka nao, ingawa mpaka leo sina hakika nani alikuwa anamcheka nani. Usiku ule nilikaa nikitazama lambo letu, na nikajikuta nalionea haya. Nilifikiri juu ya ukumbi wangu wa mito ya saruji, nikaona kama ninachezea matope wakati wenzangu wanafanya kazi ya kweli. Nilikuwa nimeshaanza kuondoka, jamani. Mwili ulikuwa Arash lakini macho yalikuwa kwenye theluji.

Gari lilipokuja, mkewe Parmet alinipa kikuku kidogo cha shanga nyekundu na buluu. Nilikuwa nimemsimulia kwamba mdogo wangu Baha amepata mtoto wa kwanza, mvulana, nami sijawahi kumwona. Akaniambia mtoto asipokelewe mikono mitupu.

Kupanda ukingo wa Ngorongoro

Mwenye gari ni Mzee Nasoro. Baba yake alitoka Tabora, mama yake Kondoa, yeye mwenyewe kazaliwa Mbulu, na duka lake liko Karatu barabarani, mkabala na mashine ya kusaga. Gari lilinuka ngozi mbichi kiasi kwamba baada ya muda pua ilikata tamaa ikaacha kulalamika. Ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa amefunga, akiendesha kwa uso wa mtu aliyeamua kutokasirika.

Nilimuuliza kama amepita Kansay siku za karibuni. Akasema amepita. Nikauliza kama nyumbani wazima.

"Mungu ni mwema," akasema. "Tutafika, tutaongea."

Nikadhani ni uchovu wa saumu, nikamwacha. Tulivuka tambarare ya Olbalbal katika vumbi, tukaanza kupanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo vumbi lilivyogeuka unyevu, unyevu ukawa ukungu, na ukungu ukawa ukuta. Juu kabisa, kwenye ukingo, gari lilizama kwenye tope hadi ekseli. Upande mmoja ni msitu unaodondosha maji, upande wa pili ni shimo lile kubwa ambalo wageni wanavuka bahari kuja kulitazama. Sisi hatukuona hata ukucha wake.

Hapo ndipo ukazuka mgogoro ambao sikuutarajia. Mzee Nasoro hakujua jua limetua au bado. Ukungu ulikuwa wa rangi moja tangu mchana, saa yake ilikuwa imesimama, na yangu hakuiamini kwa sababu, alisema, ni saa ya serikali. Nikamwambia saa za serikali ndizo zinazotumiwa na dunia nzima. Akajibu kwamba dunia nzima haitajibu kwa niaba yake siku ya kiama. Basi tukakaa ndani ya gari, tende na chupa ya chai vikiwa katikati yetu. Mimi nisiyefunga nilikuwa na njaa kuliko yeye, lakini niliona vibaya kula mbele yake.

Mwishowe zikasikika kengele za ng'ombe, chini kidogo ya barabara, zikipanda polepole kuelekea bomani, na sauti za wachungaji wakiita. Mzee Nasoro akainua kidole, akasikiliza mpaka kengele ya mwisho ilipoingia na mlango wa miiba ukaburutwa kufungwa. Akanieleza kwamba Mmasai hachelewi kurudisha ng'ombe wala hawahishi, na chui wa ukingoni ndiye anayemfundisha saa. Akasema bismillahi, akala tende. Nami nikala, na sijawahi kula tende tamu namna ile.

Tulilala pale. Aliniuliza kuhusu vyuo, nikamweleza vyote viwili. Alitaka kujua kipi kina msikiti karibu, kisha akakumbuka dini yangu, akasahihisha kuwa kanisa. Nikamwambia nimeshaamua kwenda kile kikubwa, na kwamba naenda kushikwa kichwa tu na mama. Alijifunika blanketi lake mpaka usoni, nami nikabaki nikisikiliza msitu unavyodondoka. Nilitamani kumwona mama usiku ule, nawaambia wazi. Miaka mitatu nilikuwa sijamtia machoni, na sasa nilikuwa naenda kuongeza minne.

Asubuhi vibarua wa barabara walitusukuma tukatoka.

Karatu

Tulishuka Karatu mchana. Nilitaka niteremkie barabarani nianze kutembea, maana njia ya Kansay naijua hata nikifumba macho. Mzee Nasoro hakusimama dukani. Alinipeleka nyumbani kwake, akamwita mkewe, akaagiza nipikiwe. Nikamwambia sina njaa. Akasema hajaniuliza.

Nikaletewa wali na mchuzi wa mbuzi, nikala peke yangu wao wakiwa wamefunga, nikiona haya kila tonge. Alingoja mpaka nikanawa mikono. Ndipo akavuta kigoda akaketi mbele yangu.

"Injinia, habari ya msiba haisemwi kwenye gari," akasema. "Mtu anaambiwa akiwa ameketi na ameshiba. Mtoto wa Baha amefariki."

Alikuwa amejua tangu Arash. Safari nzima aliibeba habari ile kifuani, amefunga, akinitazama nikicheka. Sikumkasirikia. Nilitia mkono mfukoni nikakigusa kile kikuku cha shanga, na nikashindwa kuutoa mkono.

Sasa wale mliozaliwa pwani, nisikilizeni hapa, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanatoka hapa. Kwetu sisi Wairaqw, mtoto anyonyaye akifa, nyumba nzima inaingia katika meta. Hawaingii kwa watu wala watu hawaingii kwao. Hawali na jirani, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine, na hawagusi kisima cha watu. Anayevuka akaingia, hata awe nani, naye amefungwa pamoja nao mpaka wazee waseme imekwisha. Mwaka huu walikuwa wamesema itakwisha baada ya mavuno. Misheni wanaipiga vita desturi hii, na vijana wengine wameanza kuicheka, lakini Kansay bado ina nguvu. Mama alikuwa anaishi na Baha. Alikuwa ndani.

Kansay

Nilifika jioni. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na mbele yake kuna korongo jembamba ambalo tukiwa watoto tulikuwa tunaliruka. Nikasimama upande wa huku. Mama alitokea kwenye ua wa minyaa upande wa kule, amejifunga ngozi yake ya zamani begani, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Tulitazamana. Moshi wa jiko lake ulinifikia, nikajua anapika ugali wa mtama. Ni mara ya kwanza maishani mwangu nimefika nyumbani na nisile kwa mama.

Nilipiga hatua kuelekea korongoni. Nilikuwa nimebatizwa, nina shahada, nimesoma jinsi magonjwa yanavyoambukiza na yasivyoambukiza. Nilitaka kuvuka. Mama aliinua mkono.

"Tluway, simama hapo. Ukivuka, mikono yako haitagusa maji ya mtu mpaka mavuno. Na wewe kazi yako ni maji."

Nikasimama. Ningevuka, ningefungiwa pale, ningepoteza kazi, na chuo cha theluji kingeanza bila mimi. Na hata ningetoroka baada ya kumshika, ni nani upande ule wa nchi angekunywa kwenye kisima nilichokigusa? Nikageuka, nikaenda kulala kwa jirani yetu Gwandu, rafiki wa marehemu baba.

Kesho yake asubuhi nikarudi korongoni kuzungumza na mama. Hapo ndipo nilipogundua ubaya wa lile korongo. Ni jembamba kwa mtoto anayeruka, lakini kwa watu wazima wanaotaka kuongea mambo yao ni pana mno. Ilibidi kupiga kelele. Ulikuwa msimu wa kupalilia, na bonde lote lilikuwa shambani. Niliyotaka kumwambia hayakuwa ya kupigiwa kelele. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka, kwamba nimesikitika kwa ajili ya mtoto, kwamba naogopa nikienda miaka minne sitamkuta. Badala yake nikapaza sauti nikauliza kama mbuzi wamezaa.

Wamezaa, akajibu. Mapacha.

Nikampa pole ya mtoto, kwa sauti kubwa, na majembe yote yakanyamaza mpaka nilipomaliza. Nikamwona Baha ametokea mlangoni, ameegemea nguzo. Kile kikuku kilikuwa bado mfukoni. Sikukitaja.

Kisha nikaanza kueleza habari ya vyuo. Nilijaribu kuifupisha, lakini jaribuni siku moja kueleza uhandisi wa maji kwa kupiga kelele kwa Kiiraqw kuvuka korongo. Nilipofika kwenye mito ya saruji iliyojengwa ndani ya nyumba, mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia upande wangu aliinuka akauliza mvua yao inaingiaje ndani. Mwingine akataka kujua kama kwenye theluji mahindi yanaota. Gwandu, aliyekuwa amenifuata na fimbo yake, alisema miaka minne ni mingi, ndama wa leo atakuwa ameshazaa mara mbili. Katekista alikuwepo pia. Jumapili iliyopita alikuwa amehubiri kwamba meta ni giza la kipagani, lakini niliona amesimama upande wetu wa korongo, hatua kadhaa nyuma yangu. Yeye aliona chuo kikubwa ndicho cha heshima. Wengine wakasema nchi kavu inafanana na kwetu. Jambo ambalo nilikuwa nimelificha moyoni tangu Nairobi likawa mjadala wa bonde zima, kila mtu na jembe lake na neno lake, nami nimesimama katikati kama ng'ombe mnadani.

Mama alisikiliza yote. Hakuuliza kipi kina jina, wala kipi kina mwalimu bora, maswali ambayo nilikuwa nimejiandaa kuyajibu. Alipiga hatua moja, akashika ua kwa mkono mmoja.

"Kipi kinaanza baadaye?"

Gwandu akanigeukia.

"Cha nchi kavu," nikajibu. "Mwezi wa tisa."

"Baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno, Aayo," nikasema, neno letu la mama.

Akanyoosha mgongo na kupaza sauti kuliko mara zote, na nikajua sasa hasemi na mimi peke yangu. Alisema niende kile kikubwa, chenye nyumba ya mito. Alisema mwanawe hatasemwa kwamba alibaki nyuma kwa sababu ya nyumba yenye msiba. Watu wakamsifu, Gwandu akagonga fimbo chini, katekista akasema amina. Mama akageuka akaingia ndani haraka, na hakutoka tena siku ile.

Nilikaa kwa Gwandu siku chache zaidi. Kila asubuhi tulisalimiana kwa kelele, tukaulizana habari za mbuzi. Siku ya kuondoka alisimama palepale uani. Aliinua mikono yake miwili juu kidogo, akaishusha. Nami nikaondoka bila kushikwa kichwa, na nililia njia nzima mpaka nikaona mashamba ya ngano ya Karatu.

Karatu, Arusha, Dar

Mbele ya bonde lote mama alinituma niende. Lakini alikuwa ameshauliza kipi kinaanza baadaye. Hilo swali lilikuwa ndani ya basi pamoja nami kuanzia Karatu, likateremka nami Mto wa Mbu tukinunua ndizi, likalala nami Arusha. Asubuhi nikaenda posta nikapeleka simu ya maandishi kwa chuo cha theluji kwamba sitakuja. Walikuwa wamenionya kwamba nafasi ile haitawekwa. Baada ya karani kupiga muhuri nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikajiona mpumbavu kuliko wote Arusha. Msidhani niliukinai ule ukumbi. Bado nauota. Juzi niliuota tena, maji yanapita kwenye kona ya saruji, nami niko nje ya dirisha.

Mkurugenzi nilimwambia nchi yetu inahitaji malambo ya udongo kuliko mabwawa makubwa, na akanisifu kwa uzalendo. Ni kweli inayahitaji. Ila nanyi sasa mnajua nilichokisikia korongoni, na naomba msimpelekee.

Kabla sijaondoka Karatu nilikuwa nimepita kwa Mzee Nasoro kumuaga, nikamwambia ninavyofikiri. Baada ya Idi nikamtumia salamu: akipita Kansay amwambie mama kwamba mwanawe ataanza mwezi wa tisa. Wiki hii alikuja Dar kununua vitambaa vya duka, akanitafuta ofisini. Nilimuuliza kabla hajaketi kama alifikisha. Akasema alisimama korongoni akapiga kelele mpaka koo likauma, na watu wote wakasikia.

"Akasemaje?"

"Kasema wewe mjinga, mbele za watu. Kasema shule zimekupotezea akili. Halafu watu waliporudi kwenye palizi akaniita nisogee ukingoni mwa korongo, akauliza kama bado unakula samli, maana ameanza kukuwekea."

Nikamwambia amwambie bado nakula.